Mpunga wa Kuangalia

Mimi nikishapanga jambo, sipendi mtu aniulize kwa nini. Ndivyo nilivyo, na mafundi wenzangu pale mtaani Kakoba wanalijua hilo. Nikisema leo tunafunga mapema, wanafunika cherehani bila maneno. Kwa hiyo nilipoamua kumpeleka mama akaone milima ya mpunga, sikuona haja ya kumuuliza kwanza. Niliamua, nikamwarifu.

Wazo lilitoka kwa rafiki yangu, mke wa mwanajeshi, anayeishi kwenye kambi ya jeshi hapa Mbarara. Alianza kama mteja, akiniletea sare za wanawe nizipunguze, mwisho akawa mtu wa kukaa kwenye benchi langu hata kama hana nguo ya kushona. Kwao ni upande wa Kanungu. Siku moja alinionyesha picha kwenye simu: mlima umekatwa ngazi-ngazi toka kileleni, juu viazi na mtama, na kwenye ngazi za chini, maji yanapotulia, mpunga ulioiva, wa manjano mpaka macho yanauma.

"Banange, hii ndiyo kwetu," alisema. "Watu natoka mbali na gari kuangalia tu. Wewe leta mama yako. Wakati ya kuvuna, hapo ndiyo iko muzuri sana."

Nilimfikiria mama palepale. Mama alilima mpunga huko Kivu ya Kusini, kwenye tambarare iliyo chini ya milima yetu, kabla vita havijatutoa. Mimi nilitoka huko nikiwa mgongoni mwake, kwa hiyo mpunga naujua ukiwa tayari sufuriani. Tangu tufike kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huku Uganda, yeye analima maharage na mahindi pale Juru, kwenye kipande kinachonyauka mvua ikichelewa kidogo tu. Nikasema, huyu mwanamke hajaona mpunga umesimama shambani miaka yote hii. Acha na macho yake yale sikukuu.

Nikapanga. Nilishona magauni mawili ya kitenge kimoja, langu na lake. Nilitafuta dereva anayezijua barabara za kona, asiye na haraka. Niliamua hadi nani atakaa dirishani, na kwamba tutabeba chapati na kuku wetu wenyewe, maana sikutaka mtu aseme Wakongomani wamefuata chakula. Rafiki yangu naye akapiga simu kwao, akawaambia wageni wanakuja, wafagie.

Aliyekuwa hapangiki ni mama. Nikimpigia, ana sababu. Mara kuku wake analalia mayai. Mara kuna kilio kwa jirani. Mara maharage hayajapukuchuliwa. Nilivumilia, kisha uvumilivu ukaisha, na Jumapili moja nikapanda gari mpaka Juru, gauni lake likiwa kwenye mfuko. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapeta maharage. Sikukaa hata chini.

"Mama, gari nimeshapata. Wale watu wameshaambiwa. Unanitia aibu."

Akaweka ungo chini. "Nani bameambiwa?"

"Ndugu za rafiki yangu. Wanatungoja wakati wa kuvuna."

"Tufike tufanye nini?"

"Kuangalia, mama! Tunasimama pale kando, tunaangalia, tunapiga picha, tunarudi. Kuna ugumu gani?"

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alinilea wapi. Aliposema, alisema taratibu.

"Kwetu kule, wakati ya kuvuna, mutu mwenye anakuya kusimama kando ya mupunga ya mwenzake, anaangalia tu, ule iko na njaa. Haombi. Anasimama. Mwenye shamba akimuona, anakata fungu moya, anamupatia, hata hamuulizi kitu. Na ule mutu hasemi aksanti. Anapokea, anaenda. Batu boote banajua. Hata batoto bananyamaza."

Nusura nicheke. "Lakini Kanungu hawajui hayo, mama. Kule ni kutembea tu, watu wanatoka hata Ulaya."

"Bo habajui. Mie najua." Aliokota harage lililoanguka, akalirudisha kwenye ungo. "Tangu tulifika huku, nasimamaka kwa mustari. Unga, napokea. Mafuta, napokea. Siku ingine banapunguza, nasimama tu. Sasa nivae nguo mupya, nipande gari, nikasimame tena mbele ya chakula ya batu?"

Nikakaa chini. Nilikuwa naukumbuka ule mstari. Nilikuwa mtoto, nimeshika kitenge chake, na kila tulipokaribia mbele alikuwa anakivuta kitenge kingine kichwani mpaka kwenye nyusi. Mimi nilidhani anajikinga jua. Tena nilikuwa namlilia anifunike na mimi. Pale nyuma ya nyumba niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, aibu ya mtu aliyeishi na mama yake miaka yote asijue kwamba mama huyo anaficha uso. Na bado gauni nilikuwa nalo mkononi, limepigwa pasi.

"Basi, hatuendi," nikasema.

"Sijasema hatuendi. Acha kwanza babo bavune. Wakati ya kupanda, njo tutaenda. Kupanda inaomba mikono. Mutu mwenye anakuya na mikono, ule ni mugeni."

Wakati wa kupanda hakuna manjano yoyote, ni matope. Hakuna anayepiga picha matope. Lakini nilikubali, na nilikubali kwa moyo wote. Nikawa nawaza tu nitalielezaje jambo hili kwa rafiki yangu. Kabla sijapata maneno, simu ikalia. Alikuwa ni yeye mwenyewe, tena anataka kumsalimia mama, kwa hiyo nikaiweka simu kwenye spika juu ya mawe ya jiko.

"Tumefika wapi? Kule nyumbani nafurahi sana, nangoja nyinyi!"

Nikamwambia tunasogeza safari mbele kidogo, mpaka wakati wa kupanda.

"Kupanda? Kupanda utaona nini? Kwa nini?"

Nikafungua mdomo. Niseme nini? Niseme kwamba alichotualika kwa moyo mweupe, kwetu ni kuombaomba? Mimi ambaye maneno hayanipungui, nilibabaika kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Na yeye, kwa wema wake, akajijibu mwenyewe.

"Ooh. Ni mwili, eh? Muzee naumwa?"

Nilimtazama mama. Ilikuwa kazi yangu kusema hapana. Sikusema. Mama akaona kwamba sitasema, akainamia simu.

"Eeh, mama. Ni mwili. Inaniluma kidogo."

"Pole sana, nnyabo! Basi usijali. Kama wewe nashindwa kufika kwa mpunga, mpunga nafika kwako. Tukimaliza kuvuna, mimi natuma gunia."

"Aksanti, mama. Mungu akubariki," mama akasema, akarudi kwenye ungo wake. Hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru.

Gunia lilifika kwa pikipiki mchana kweupe, Jumamosi niliyokuwa nimekwenda kumsalimia. Mwendesha pikipiki alikuwa mtu wa furaha zake, akaanza kuwatangazia majirani kwamba huu ni mchele wa milimani, zawadi toka kwa bibi wa afande. Nilimwambia anyamaze, akadhani ni utani, akaongeza sauti. Majirani wakatoka mlangoni. Mama hakutoka. Nikasimama peke yangu uani, nikalipokea lile gunia kifuani, nikaingia nalo ndani bila kumwangalia mtu.

Mama alikuwa amekaa kitandani.

"Ulimuambia aksanti?"

Nilifikiri. Nilikuwa nimesahau kabisa. "Sikusema," nikamjibu.

"Njo vile banapokeaka," akasema, akainuka kutafuta sufuria.