Mikono Isiyosikia Moto

Harufu ya mikebuka ikikaushwa kwa moshi inaniudhi mpaka leo. Samaki wenyewe nawapenda, nikiwekewa na ugali sibakizi kitu. Ni yale mafuta yao yakidondokea kwenye makala, yaani makaa ya moto, ndiyo nisiyoyaweza, yanaingia kwenye nywele na hayatoki hata uoshe mara tatu. Wiki iliyopita nilipita ufukweni, upande ule ambako mto Lukuga unatoka ziwani, nikakuta wanawake wamepanga chanja zao za waya wakigeuza samaki kwa vijiti. Nilisimama nikawatazama vidole. Ni tabia mbaya niliyo nayo, kutazama vidole vya mtu kabla ya uso wake, na mkinivumilia kidogo mtajua nilikoitoa.

Mama yangu hakutumia kijiti. Wenzake walikuwa na vijiti, vitambaa vya kushikia, na kila baada ya samaki wawili walisimama kupuliza vidole. Yeye alipeleka mkono mtupu juu ya chanja na kugeuza samaki mmoja baada ya mwingine bila haraka, kama mtu anayechambua mchele. Kijiti huchuna ngozi ya samaki, na wateja wanapenda samaki mzima, kwa hiyo wa kwake walikwisha kabla ya wa wengine wote. Wachuuzi waliokuja kwa treni kutoka Nyunzu walikuwa wakishuka na kuuliza moja kwa moja, "Yule mama wa mikono iko wapi?"

"Moto unanijua," alikuwa akiwajibu. "Tumezoeana."

Papa, baba yetu, alikuwa ameondoka kwenda Manono kuchimba madini, akaahidi kurudi na baiskeli. Hatukuiona baiskeli wala yeye. Mimi na wadogo zangu wawili tulikula, tulivaa na tulisoma kwa mikono ile ya Mama, na nilijua hivyo vizuri sana hata nilipokuwa na miaka minane.

Basi nilijivuna. Wengine walikuwa na baba mwenye kazi kwenye reli au bandarini; mimi nilikuwa na mama anayeshika moto. Niliwaleta wenzangu wa shule nyumbani kumtazama, wa kwanza kabisa Feza, rafiki yangu tuliyekaa dawati moja. Mama hakukataa. Aliinama kwenye mbabula yetu, jiko la makaa, akachukua kala jekundu kwa vidole viwili, akalihamisha polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine ili tupate nafasi ya kupiga kelele. Kisha akacheka. Nami nilipiga makofi, jamani. Nilivipigia makofi vile vidole.

Kila Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita, nilimsugua mgongo. Chini ya bega la kulia alikuwa na doa lenye ukubwa wa kiganja changu, limefifia kuliko ngozi nyingine, halina kinyweleo wala halitoi jasho. Siku moja nilisugua kwa nguvu mno mpaka pakatoka damu. Mama hakushtuka. Alikuwa akinisimulia habari ya jirani, akaendelea nayo mpaka mwisho. Nilisafisha ile damu kimyakimya nikashukuru kwamba sikugombezwa.

Nilipokuwa na miaka kumi alikuja muuguzi darasani kwetu. Alikuwa mtu mrefu mwenye koti jeupe lililobana mabega, na alituongelesha kama watu wazima.

"Kuko ugonjwa moja haiumi," alisema. "Njo ubaya yake. Muntu anaungua, hasikie. Anajikata, hasikie. Anakuwa na doa, unaigusa na pamba, hasikie. Dawa iko, na ni ya bure. Mukituletea yeye mapema, anapona muzima. Mukichelewa, mikrobe itakufa lakini vidole havitarudi. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua."

Kisha akataja jina la ugonjwa, ukoma, na darasa zima likalipuka. Wavulana wa nyuma walikunja vidole kama kucha za kuku na kuvipunga hewani. Kila mtu alicheka, hata mimi, kwa muda mfupi. Halafu Feza akasimama. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alikuwa mtoto wa kujibu maswali, na mwanamume yeyote mzima sisi humwita Papa.

"Papa, mama ya huyu anashikaka makala na mukono."

Kicheko kilikatika. Muuguzi alikuja mpaka kwenye dawati letu, akainama. "Ni kweli, mama? Mama yako anashikaka moto?"

"Anafanyaka mbio, Papa. Ni ufundi tu."

"Iko na doa kwenye mwili?"

Msinihukumu haraka, ingawa mimi nimeshajihukumu. Nilikuwa nimeona zile kucha za kuku hewani. Nilihesabu kwa akili ya mtoto, nikaona wachuuzi wa Nyunzu wakipita mbele ya chanja yetu bila kusimama, maana nani atakula samaki aliyegeuzwa na mkono wa mkoma? Nikaona sufuria yetu tupu.

"Hapana, Papa," nikasema. "Ninamusuguaka mugongo kila posho. Hakuna kitu."

Akanigusa kichwani. "Unamutunza mama yako muzuri," alisema, akamwambia Feza akae na asisingizie watu.

Tangu siku ile nilimwita Feza mwongo. Nilisema hivyo kwa bidii hata darasa zima likamwita hivyo, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amehamia dawati la mbele, peke yake. Mama hakusikia lolote. Nilikuwa mlinzi hodari.

Ikapita miaka miwili. Kidole kidogo cha mkono wake wa kulia kilijikunja, kikafuatwa na jirani yake, vikakataa kunyooka. Samaki walianza kumponyoka na kuvunjika. Alipata vidonda ambavyo sisi ndio tuliomwambia, "Mama, mukono unatoka damu," naye aliuinua akautazama kama mkono wa mgeni. Wenzake ufukweni hawakumtukana. Walisogeza chanja zao kidogo kila siku, mpaka ikabaki yake peke yake pale mwisho wa mchanga. Wengine walisema amelogwa. Mchungaji alimwombea, na vidole vikaendelea kujikunja. Kifo hakikutuumbua kama alivyosema muuguzi. Vidole ndivyo vilivyotuumbua.

Nilimpeleka mwenyewe kituo cha afya nikiwa na miaka kumi na miwili, na tulimkuta muuguzi yule yule. Alimwinua Mama kiwiko, akabonyeza nyuma ya mfupa, kisha akanishika mkono akaniambia niguse. Chini ya ngozi palikuwa na kitu kinene na kigumu kama kamba ya kuanikia nguo.

"Ile njo neva," alisema. "Imevimba. Mama, doa ilianza lini?"

"Sijue, Papa. Sikuwa ninaliona."

Aliyekuwa akiliona nilikuwa mimi. Kama muuguzi alinikumbuka, sikujua; alikuwa ameshaanza kuandika kadi ya Mama.

Mama alimeza vidonge mwaka mzima, ngozi ikabadilika kwa dawa hizo ikawa nyeusi kuliko ilivyokuwa, na mwisho wake wakamwambia amepona. Hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeambukizwa. Vidole vilibaki kama vilivyokuwa, na chanja tuliigawa kwa jirani.

Nilisomea uuguzi kwa hasira, si kwa wito. Mwaka wa kwanza mwalimu alichora ubaoni seli ya neva: mwili mdogo, na uzi mwembamba uliokwenda mpaka akakosa ubao. Seli moja tu, alisema. Ile inayosikia ncha ya kidole mwili wake umekaa kando ya uti wa mgongo, na uzi wake unashuka mkono mzima hadi kwenye ukucha. Habari ya moto hupita humo, kutoka kidoleni mpaka kwenye uti na kwenye ubongo, kabla hujawahi kusema "ai."

Halafu akachora seli nyingine, ndogo, bapa, zimeuzunguka ule uzi, kila moja ikifunika kipande kifupi kwa tabaka za mafuta, kama tunavyofunga chikwanga, mkate wetu wa muhogo, kwa majani. Ndizo seli saidizi. Hazibebi habari yoyote. Kazi yake ni kuulisha uzi, kuulinda, na kuifanya habari iruke upesi kutoka pengo hadi pengo; uzi ukikatika, hizo ndizo zinazosafisha njia ili uote tena. Na mdudu wa ukoma, alisema mwalimu, hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na makao yake ni ndani ya hizo hizo seli saidizi. Mwili ukija kupigana naye, neva huvimba katika njia yake nyembamba pale kiwikoni, ikajibana na kufa.

"Ikiwahiwa katika miezi ya mwanzo, inaweza kuokolewa," alisema.

Nikainua mkono. "Na ikipita miaka miwili?"

"Miwili?" Alifuta ubao. "Hapo umechelewa."

Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Kumbe ule ufundi wote niliouchezea ngoma ulikuwa ugonjwa, na maumivu tuliyokuwa tukiwacheka wanawake wengine kwa kuyaogopa ndiyo yaliyowaachia vidole. Mwili wa Mama haukuweza tena kumpa habari. Aliyebaki wa kumpa ni mimi, niliyekuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, nikaona damu ikitoka, nikanyamaza.

Sasa nafanya kazi kituo cha afya. Nabonyeza viwiko vya watu, nagusa madoa kwa pamba, nawakaripia wanaochelewa, tena nawakaripia vikali. Feza nakutana naye sokoni. Ananisalimia kwa adabu, nami namwitikia, na sijawahi kusema zaidi ya hapo.

Mama anakaa kwangu. Jumapili iliyopita walikuja akina mama wa kanisa kumwona. Alipokea kikombe cha chai kwa viganja viwili, maana vidole havishiki, akanielekezea kidevu.

"Ufukweni wote walinikimbia," aliwaambia. "Huyu njo peke yake. Tangu mutoto hakunioneaka haya hata siku moja."

Wakasema Mungu anibariki. Niliinamisha macho, wakadhani ni unyenyekevu. Mama alikuwa ananitazama huku anatabasamu, anasubiri nijibu.

"Asante, Mama," nikasema.