Omena Chini ya Gari

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili mjini Kisumu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kueleza. Wakili hana muda. Watu huja na bandeji na maswali, nami huwavutia kiti na kuanza taratibu. Napenda kazi hiyo. Mtu akiingia amechanganyikiwa kisha akatoka anajua hatua inayofuata, naona siku yangu haikupotea.

Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Usenge alikuja akitembea kwa mkongojo. Pikapu iliyokuwa ikimpeleka sokoni yeye na wenzake, wakiwa wamekaa juu ya magunia yao, ilipinduka kabla ya kufika Bondo, naye akavunjika nyonga. Daktari alimwambia hatatembea vizuri tena bila kuwekewa nyonga ya bandia, na upasuaji huo hakuwa na uwezo nao. Kuanika omena ni kazi ya kuinama juu ya nyavu tangu jua linapotoka. Alitaka fidia ili apate nyonga, arudi kuinama. Hakuomba kitu kingine.

Nilimweleza kwamba gari likipinduka, si lazima mwenye gari alipe. Mahakama itataka kujua kosa lilikuwa la nani. Mwenye gari alikuwa akidai tairi lilipasuka ghafla, jambo ambalo mtu yeyote asingeweza kulizuia. Sisi tungehitaji kuonyesha kwamba tairi lilikuwa limekwisha naye alijua hivyo.

"Lilikuwa kipara, Mama?"

"Nyathina," aliniita, mtoto wake, "sisi tukipanda gari tunaangalia mawingu. Nani anaangalia tairi?"

"Haidhuru. Polisi hukagua gari pale lilipoangukia. Walilikuta likiwaje?"

"Hawakulikuta."

Hapo ndipo aliponisimulia yote. Gari lilikuwa limelala ubavu, baadhi ya magunia yamebanwa chini yake, na mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa ziwa. Omena ikinyeshewa huoza, au huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na ile ilikuwa mali ya akina mama wote wa kikundi chao. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Akiwa amelala kwenye nyasi, mguu umegeuka vibaya, aliwaambia wenzake waachane naye kwanza, wainue gari. Wakulima wa karibu na vijana wa bodaboda waliongeza nguvu. Gari likasimama, magunia yakatolewa, dereva akabadilisha tairi lililopasuka, na pikapu ileile ikampeleka hospitali.

"Omena haikunyeshewa," alisema, bado kwa fahari kidogo.

Nilitabasamu, nikamwambia tusikate tamaa. Nilijaribu kulisema hilo kwa Dholuo, lugha yake, ingawa wazazi wangu walihamia hapa kutoka Mkoa wa Kati na lugha hiyo nimejifunzia sokoni.

"Dholuo yako iko na mifupa," alinicheka, "lakini inaliwa."

Wiki hiyo nilisafiri hadi mahali pa ajali kutafuta lile tairi lililoachwa kando ya barabara. Mwenye kibanda pale aliniambia fundi wa akala alilichukua zamani.

"Limeshakuwa viatu," alisema. "Ukitaka, angalia miguu ya watu."

Pikapu yenyewe, ilipokaguliwa hatimaye, ilikuwa na matairi mapya yote manne.

Kesi ilisikilizwa kwa mtandao, kama ilivyo siku hizi. Tulimweka mama mbele ya kompyuta ofisini, amefunga kitambaa chake cha kanisani. Nilikuwa nimemweleza kila kitu isipokuwa majibu, kwa sababu majibu ni yake na hairuhusiwi kumfundisha. Niliketi pembeni, mahali ambapo hakimu angeniona, mikono juu ya mapaja.

Wakili wa mwenye gari aliuliza kwa upole, "Mama, nani alisema gari liinuliwe kabla polisi hawajafika?"

"Ni mimi."

"Dereva alikataa?"

"Alisema tungoje. Mimi nikamwambia mvua haingoji."

"Na tairi, ulikuwa umeliona kabla ya safari?"

Aligeuza uso kidogo kunitazama. Niliinamisha macho, kwa kuwa hata kutikisa kichwa kungekuwa kusema.

"Sikuangalia," alisema. "Huyo dereva alinipeleka hospitali. Alinibeba mwenyewe."

Wenzake wawili waliitwa pia. Nao walikumbuka mvua, magunia, na jinsi gari lilivyokuwa zito. Tairi hawakulikumbuka.

Hukumu ilipotoka, hakimu alisema anamhurumia mdai, lakini kosa halikuthibitishwa, na ushahidi ambao ungelionyesha uliondolewa pale barabarani kwa agizo la mdai mwenyewe. Madai yakatupwa.

Alikuja nimweleze. Nilimsomea hukumu polepole, nikaigeuza kwa maneno ya kawaida, nikarudia palipokuwa pagumu. Nilimwambia rufaa inawezekana, ila majaji wangeangalia yaleyale yaliyosemwa, na wakili haoni njia.

"Nimeelewa," alisema. Kisha akauliza, "Kama ningeacha omena inyeshewe, ningepata nyonga?"

Nilitafuta namna ya kulisema hilo kwa upole. "Pengine, Mama."

"Na wale wengine wangekula nini?"

Aliomba maji, akanywa nusu, akafunga kitambaa chake upya.

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili na hakuna lifti. Nilimshikia mkongojo huku yeye akishuka kiubavu, amekamata reli kwa mikono miwili, akipumzika kila baada ya ngazi chache ili watu wenye haraka wapite.

"Rudi kazini, nyathina," alisema tulipofika katikati. "Kuna watu wanakungoja huko juu."

Nilibaki naye mpaka chini.