Nilinunua nyumba ya zamani Eastleigh badala ya Umoja, mama mkwe akakataa kula kwangu

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya. Nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, nafunga simu. Lakini jana nimewaona vijana wakibishana kama ni heri kununua nyumba mtaa mpya au mtaa wa zamani, nikasema leo acha na mimi niandike.

Niliyoyaona ndiyo nitayasema, vile yalivyokuwa. Mengine yananitia aibu hadi leo, kwa hivyo mkicheka, chekeni polepole. Mimi ni nyanya wa watu.

Hii ni mwishoni mwa miaka ya sabini.

Nilikuwa taipisti katika ofisi moja mjini Nairobi. Mume wangu, Baba Mwende, alikuwa dereva wa lori, njia ya Mombasa. Sisi ni Wakamba wa Machakos. Tulikuwa tunaishi Shauri Moyo, chumba kimoja, sisi wawili na mtoto wetu Mwende, na pazia katikati.

Tukaweka akiba. Tukafika mahali tunaweza kununua nyumba.

Sasa mjue, wakati huo Umoja ndiyo ilikuwa habari ya mjini. Nyumba mpya kabisa, zimepangwa laini, kila moja na choo chake ndani. Wifi yangu Ndunge, dada ya mume wangu, alikuwa ameshahamia huko. Kila Jumapili baada ya ibada ni Umoja hivi, Umoja vile. Baba Mwende naye moyo wake ulikuwa huko huko.

Nilienda kuangalia. Sikatai, zilikuwa safi. Lakini niliona tope, niliona maduka bado hayajafunguliwa, nikapiga hesabu ya mwendo mpaka kazini nikachoka kabla sijaanza.

Halafu nikasikia Eastleigh kuna mzee mmoja Mhindi anauza nyumba, anafuata watoto wake ng'ambo.

Wakuu, nilipoingia ile nyumba niliipenda papo hapo.

Kuta za mawe, nene. Sakafu ya sementi nyekundu inang'aa mpaka unaona sura yako. Vyumba vimezunguka ua, na katikati ya ua kuna shimo la mtaro lenye kifuniko cha chuma cha kupitisha maji. Ilikuwa Januari, jua kali, na ua wote ulikuwa mkavu kama sahani. Kutoka hapo nafika Gikomba kwa miguu. Kwa mama yangu Shauri Moyo, kwa miguu. Kazini, kwa miguu, na viatu visichafuke.

Baba Mwende akagonga ukuta kwa vidole. "Mama Mwende, hii nyumba imetuzidi umri."

"Ndiyo maana haitaanguka," nikamwambia.

Akaugonga tena. Mwisho akasema, "Wewe ndiye utakaa humu mimi nikiwa barabarani. Chagua."

Nikachagua. Hapo mnielewe vizuri: hakunisukuma mtu. Ni mimi.

Tukahamia. Nilikuwa natoka asubuhi, narudi jioni, nafunga geti. Majirani niliwapungia mkono tu. Ng'ambo ya ukuta wetu kulikuwa na mama mmoja Mwislamu mwenye duka la vitambaa mbele ya nyumba yake. Miezi mitatu nilipita hapo sijui hata anaitwa nani.

Mwezi wa nne tukaandaa maombi ya kubariki nyumba.

Watu wa kanisa walikuja. Ndunge alikuja na mume wake. Na Mwaitu alikuja. Mwaitu ni mama mkwe wangu. Kwa Kikamba ndiyo "mama," na sote tulimwita hivyo. Alikuwa mwanamke mwembamba, msusi wa vyondo, vile vikapu vya mkonge, hacheki ovyo. Siku hiyo alivaa gauni lake la harusi za watu na viatu vyeupe.

Kwa mila za kwetu, mama wa mume akila kwako mara ya kwanza, ni kama ametia sahihi kwamba hapa ni nyumbani kwa mwanawe. Nilikuwa nimepika tangu asubuhi. Muthokoi yetu ya mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kuku, wali, kila kitu.

Viti vilipangwa uani kwa sababu watu walikuwa wengi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha ikakatika. Mchungaji akaanza kuomba. Na mvua ikarudi, ile ya kumwagwa kwa ndoo. Wengine wakakimbilia barazani, Mwaitu akabaki amesimama uani, macho amefumba, kwa sababu mchungaji hajasema amina.

Nikasikia mlio. Kama mtu anayesukutua.

Kifuniko cha ule mtaro kikainuka.

Sitawaeleza sana. Mnajua nini hupita kwenye bomba la maji taka. Si maji ya kuosha vyombo peke yake. Yalipanda, yakatandaa ua mzima, yakafunika viatu vyeupe vya Mwaitu, yakamfika kwenye kifundo cha mguu. Harufu ikaingia mpaka kwenye sufuria.

Mtu akapiga kelele. Mtu akacheka, na hadi leo najua ni nani lakini sisemi. Ndunge alishika pua akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Si tuliwaambia Umoja?"

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Sikuweza kusogea. Nilitamani ile sakafu nyekundu ifunguke.

Aliyesogea ni yule mama wa duka. Aliingia getini na ndoo mbili za maji safi, amekunja buibui, miguuni gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Hakuuliza mtu. Alimshika Mwaitu mkono akamvusha hadi nyumbani kwake, akamkalisha kwenye kigoda, akamvua viatu, akapiga magoti akamwosha miguu kwa sabuni.

Niliwafuata nikayaona yote hayo kwa macho yangu. Mtu nisiyejua jina lake ameshika miguu ya mama mkwe wangu.

Akamfunga leso kavu, akampa chai ya tangawizi na mahamri. Mwaitu akala.

Nilipomwambia, "Mwaitu, tutasafisha sasa hivi, chakula kiko," akasema bila hasira, "Mimi nimeshakula, mwanangu."

Akaondoka na basi la jioni la Machakos.

Wakuu, chakula chote kile tuliwapa watu waliokuja kuzibua mtaro, na mbwa.

Baada ya hapo nilikaa na aibu kama mtu anayekaa na homa. Kanisani nilihamia kiti cha nyuma. Kazini msichana mmoja wa kanisa letu alikuwa ameshapeleka habari, nikawa nikiingia chumba cha chai mazungumzo yanakatika. Baba Mwende, ambaye siku ile alikuwa safarini, hakuniambia hata neno moja la lawama. Afadhali angenigombeza. Alirudi kutoka safari, akachukua fagio, akasugua ua, akalala.

Lakini subirini, mbaya zaidi bado.

Yule jirani, Mama Rukia, kumbe siku ile alikiona kiondo cha Mwaitu akakipenda. Akamwambia alete vingine auze dukani. Basi Mwaitu akaanza kuja Nairobi kila mwezi na mzigo wa vyondo.

Anashuka basi, anapita mbele ya geti langu, anaingia kwa Mama Rukia. Anakula huko. Anapumzika huko. Jioni anakuja kugonga kwangu, anasimama nje, anamsalimia Mwende, anampa ndizi, anaenda zake. Mguu haupiti geti.

Mtaa mzima uliona. Mama mboga aliniuliza mbele ya watu, "Yule si mkweo? Mbona anakula kwa jirani?"

Siku moja nilimwomba palepale getini. "Mwaitu, ingia hata maji unywe."

"Sikukatai wewe," akasema. "Naikataa hiyo nyumba. Ilinifanya nisimame mbele ya watu na kinyesi miguuni, na Mungu anaombwa."

Nikafunga geti.

Ndunge akatutafutia nyumba Umoja, karibu na yake. Baba Mwende akaniambia, "Ukitaka tuuze, tuuze. Sitakuuliza swali." Nikamwambia anipe wiki nifikirie, lakini ukweli nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nataka tu kuondoka kabla mvua ya mwisho wa mwaka haijaja.

Kabla sijamjibu, nikaenda kwa Mama Rukia. Nilienda na hasira, sitaficha.

"Mama Rukia, umenichukulia mama mkwe."

Alikuwa anakunja kitambaa. Akakiweka chini. "Keti, Mama Mwende."

"Sikai. Watu wananicheka."

"Wanakucheka nani? Hawa wa kichochoro hiki?" Akanishika mkono akanipeleka nyuma, uani kwake. Kwenye ukuta kulikuwa na alama ya maji, rangi ya kahawia, imefika juu ya kizingiti. "Hii ni yangu. Kila mvua kubwa. Nimeolewa hapa nikaikuta. Unafikiri zile gambuti nilizovaa siku ile ni za shamba?"

Nikaigusa ile alama kwa kidole.

"Bomba ni moja," akasema. "Linapita nyuma ya nyumba zote hizi. Likiziba, kila mtu anafunga mlango wake, anafagia, anachoma ubani. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba kwake kunanuka. Hata mimi. Nikajiambia nitakuonya ukihamia, halafu nikaona haya. Nisamehe."

Hapo ndipo nilipokaa. Tulilia kidogo, tukacheka kidogo.

Nilimwambia Baba Mwende hatuuzi bado.

Jamani, mtu akishaaibika mbele ya mchungaji, wakwe na kwaya nzima, anabaki na nini cha kuficha? Nilianza kupita geti kwa geti, Mama Rukia nyuma yangu. Nikawa nasema waziwazi: "Mimi ni yule ambaye mtaro ulipasuka siku ya maombi. Kwako hali ikoje?"

Wengi walikuwa wanaangalia chini kwanza, halafu maneno yanawatoka kama waliyokuwa wameyashika kwa miaka. Mzee mmoja fundi cherehani, mkali, alisimama mlangoni na kanzu yake safi akasema, "Kwangu hakuna shida yoyote." Na harufu ilikuwa inatoka nyuma yake wazi kabisa, tunaisikia wote watatu.

Tulimwambia asante, tukaondoka.

Tukapata kibali cha baraza la jiji, tukachanga, tukamleta fundi wa mabomba, na ili kupunguza gharama tukachimba wenyewe siku za Jumamosi wakati wa kiangazi. Baba Mwende akiwa hayuko safarini alikuwa mtaroni mpaka kiunoni. Jumamosi ya pili, yule mzee wa cherehani akatokea na jembe. Hakumsalimia mtu. Akaingia shimoni akaanza kuchimba.

Tulikuta bomba la zamani la udongo limepasuka mahali pengi na mizizi imejaa ndani kama nywele. Tukaweka jipya. Hiyo Jumamosi ya mwisho wanawake tulipika pamoja kichochoroni, Waislamu na Wakristo, na nilijua jina la kila mtu.

Sikumwambia Mwaitu. Niliogopa. Nani angejua kama bomba litashika?

Mvua ilipokuja, ilikuja kweli. Ilikuwa siku ya vyondo, na Mwaitu alikuwa kwa Mama Rukia. Nikasikia Mama Rukia anapaza sauti upande wa pili wa ukuta: "Mama, leo kwangu nimeishiwa mafuta ya taa, sijapika kitu. Labda ujaribu kwa mwanao."

Wakuu, pilau ya Mama Rukia ilikuwa inanukia mpaka barabarani. Mwaitu hakuwa mjinga. Alijua, na mwenzake alijua kwamba anajua.

Akaja. Akapita geti, leso kichwani imelowa. Hakuingia ndani. Alienda moja kwa moja uani akasimama kando ya kile kifuniko cha chuma, akainama. Maji yalikuwa yanatoka pande zote za ua, yanazunguka, yanashuka. Yanazunguka, yanashuka. Alikaa hapo mpaka nikadhani amenisahau, na mimi nachungulia kutoka jikoni kama msichana anayesubiri matokeo ya mtihani.

Halafu akaingia jikoni, akavuta kigoda.

"Umepika nini?"

Ilikuwa muthokoi ya jana, imepashwa moto. Nilikuwa sijajiandaa. Nikampakulia hiyo hiyo. Akala, akamaliza, akafuta mdomo.

"Chumvi imezidi," akasema.

Na kweli ilikuwa imezidi. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua ili asinione nikilia.

Tumezeeka kwenye nyumba hiyo. Mwaitu na Mama Rukia wote wametangulia, Mungu awarehemu. Lakini niwaambie ukweli, hadi leo mvua kubwa ikianza na kuna wageni sebuleni, naacha mazungumzo, naenda uani kuangalia. Ile aibu haikuisha yote. Wageni hudhani nimeenda kuanua nguo.

Nilichojifunza, kwa wale wanaotafuta nyumba mitaa ya zamani: nyumba ya zamani ni nzuri, kuta ni nzuri, kuwa karibu na mji ni vizuri. Lakini usiiangalie Januari peke yake. Rudi wakati wa mvua. Na kabla ya kumlipa mwenye nyumba, kaa kwa jirani unywe chai, muulize wanafichana nini, maana bomba la huko huwa ni la wote. Mimi nilinunua kuta tu, majirani nikaja kuwajua nikiwa nimeshachafuka.

Ndunge ana furaha yake Umoja hadi leo, na mimi nina yangu. Simlaumu mtu.

Haya, nimewavulia nguo. Na nyinyi je, kuna mtu humu nyumba imeshamuumbua mbele ya wakwe? Semeni, msiniache nimeaibika peke yangu.