Mashine ya Damu na Kitambaa Chake

Juzi nilimpeleka mama kupimwa damu katika kliniki moja hapa Bomet. Damu ikatolewa, kisha tukaambiwa tungoje, mashine imezimika tena. Jamaa aliyeiundia kasha jipya alikuwa ameitwa kutoka Nairobi.

Alipoingia maabara alishika kichwa. Juu ya kasha, pale alipokuwa ametoboa matundu ya kutolea joto, palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni.

“Madam, mashine inapumulia hapa!”

“Na vumbi je?” mhudumu wa maabara akamjibu, akikinyoosha vizuri. “Mimi hata TV yangu naifunika.”

Jamaa akatoa kwenye gari kasha lingine, lenye mteremko kama paa la nyumba. “Hapa kitateleza tu,” akasema.

Jamani, nimechoka. Huyu anaunda kasha bila kuuliza vumbi la barabara yetu litazuiwa na nini. Yule anaona mashine inazimika kwa joto, bado anaivisha. Katikati yao ameketi mama yangu, ameshikilia pamba mkononi, dawa hapewi mpaka majibu yatoke.

Mhudumu akapapasa ule mteremko, akafikiria kidogo.

“Ni sawa,” akasema. “Kitambaa nitakiwekea lastiki.”