Kitundu Bila Kidole

Mdogo wangu alinipigia simu akilia: baba mkwe wake amegoma kumpa mtoto jina la ukoo. Huku kwetu mtoto asiyepewa jina na upande wa baba ni kama hana baba. Niliacha madaftari ya wanafunzi mezani Bukoba, nikapanda basi la Muleba nimefura kwa hasira.

Kosa la kichanga lilikuwa nini? Ukoo ule una alama mbili: kitundu kidogo mbele ya sikio, na kidole cha sita, kile kinachofungwa uzi mpaka kidondoke. Shemeji yangu alizaliwa navyo vyote. Binti yake kaja na kitundu, kidole hana.

"Vinakuja pamoja," mzee aliniambia, "au haviji kabisa."

Jamani! Na mimi ndiye mwalimu wa baiolojia.

"Tata," nilisema, maana ndivyo tunavyomwita baba, "nani kakudanganya?"

Alinisogezea kikapu cha kahawa ya kutafuna, uso kaukunja lakini adabu ya mwenyeji hakuisahau. Nikachukua tunda moja, nikalipasua.

"Punje hizi mbili zimelala kwenye ganda moja. Ukichukua tunda, umezichukua zote. Zipo alama za mwili zinazokaa hivyo, jirani kwenye kromosomu moja, na hurithiwa pamoja, ingawa hata hizo kuna siku hutengana. Lakini nyingine ni matunda mbalimbali kikapuni. Mwanao anaweza kumpa mtoto hili, lile likabaki."

"Kwetu haijawahi kutokea," alinikatiza.

Mkewe alikuwa mlangoni akimenya ndizi. Tangu nifike hakuwa amesema zaidi ya salamu. Akaweka kisu chini.

"Imetokea. Mtoto wetu wa kwanza. Kitundu alikuwa nacho, kidole hakuwa nacho. Ukamkataa. Nikamlea kwa wazazi wangu, nikamzika kule kule, hana jina la kwenu. Nilikuapia sijamjua mwanamume mwingine, ukanyamaza."

Hasira yangu yote iliisha, nikamhurumia hata mzee. Mwishowe akanyoosha mikono apewe mjukuu, na mdogo wangu, aliyekuwa kampakata, akainuka haraka kumpelekea.

Mama mkwe akamzuia, kiganja kimejaa utomvu wa ndizi.

"Huyu utampa jina," alimwambia mumewe. "Lakini anza na yule."