Nilipewa kazi ya kuwadanganya walinzi wa boti Homa Bay, nikakamatwa na muuza samaki

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni nyanya wa watu. Simu amenipa mjukuu, maandishi ameyaweka makubwa, kwa hivyo msinikimbize.

Juzi nimeona hapa vijana wakibishana juu ya security ya ferry. Mmoja anataka kamera, mwingine mashine ya kupima mizigo. Nikacheka peke yangu mpaka chai ikapoa. Wacha niwaambie nililolifanya mimi mwenyewe. Sitaongeza chumvi, iliyomo ilikuwemo tayari.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado mpya. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nauza chai na mandazi pale gatini Homa Bay. Waliniita Nyar Kisegi, yaani binti wa Kisegi, kwani ndiko nilikozaliwa.

Kulikuwa na boti moja ya abiria iliyokwenda visiwani. Mwenyewe alikuwa Bwana Salum, mfanyabiashara kutoka pwani. Mtu mpole, kanzu safi hata siku ya matope.

Sasa siku moja galoni ya petroli, iliyofichwa ndani ya gunia la mahindi, ikavuja karibu na injini. Moto ukashika katikati ya ziwa. Abiria waliuzima kwa magunia yaliyolowa maji.

Hakufa mtu. Lakini mama yangu alikuwa ndani. Mkono wake wa kushoto haukunyooka tena.

Bwana D.O., afisa wa serikali wilayani, akaja, akampa Bwana Salum mwezi mmoja: tafuta njia ya kuzuia petroli, la sivyo boti inafungwa. Na ikifungwa, mgonjwa wa kisiwani afike hospitali na nini? Apige mbizi?

Bwana Salum akaamua kujaribu njia tatu, moja baada ya nyingine, kisha achague. Alinieleza haya akinywa chai kwangu. Mimi na mdomo wangu nikamuuliza, "Na utajuaje ni gani inafanya kazi? Mtu mwaminifu hata ukiacha lango wazi atapita vizuri. Tafuta mwongo ajaribu."

Akaweka kikombe chini. "Wewe binti, ni mwongo?"

"Si sana."

"Huo tayari ni uongo. Kazi umepata."

Akachukua galoni ya bati, akaijaza maji, akaipaka petroli kwa nje ili inuke. Kazi yangu ilikuwa kuipitisha. Siri ya watu wawili tu, mimi na yeye.

Njia ya kwanza ilikuwa Sajini. Mzee aliyestaafu jeshi, viatu vinang'aa, fimbo mkononi. Kila mzigo lazima afungue.

Nikaiweka galoni chini ya kikapu, nikatandika majani, nikaweka mayai, na juu yake kuku anayeatamia.

"Fungua," akasema.

"Sajini, huyu kuku napeleka kwa wakwe wa dada yangu. Akishtuka akavunja mayai, wataniambia nini?"

Akaingiza fimbo kidogo. Kuku akamdonoa kidole. Sajini akavuta mkono, akatazama huku na huku kama kuna aliyeona. Halafu, wakuu, akakibeba hicho kikapu yeye mwenyewe, taratibu, mpaka ndani ya boti. Akaniambia, "Kaa hapa kwenye kivuli, mama kuku asipate joto."

Mama kuku alikuwa amekalia galoni.

Njia ya pili ilikuwa mbwa. Ameletwa kutoka Kisii, eti pua yake ni ya kipolisi.

Sasa fikirieni. Mbwa. Gatini. Kwenye dagaa wa omena.

Mimi hata sikuficha. Nilipita na galoni mkononi kama mtu anayeenda kuchota maji. Mbwa kichwa kilikuwa ndani ya karai la mama mmoja, mkia unapiga ngoma. Kufika saa sita alikuwa amelala chali, tumbo limejaa, watu wanamruka. Alirudishwa Kisii amenenepa.

Njia ya tatu ilikuwa daftari. Karani anakusomea, "Naapa sikubeba petroli," unaweka kidole gumba kwenye wino, unapita. Nikaweka kidole bila wasiwasi. Kilikuwa kinanuka petroli. Karani akaniambia asante.

Nikaingia kwenye boti nimevimba kichwa. Galoni imefungwa ndani ya leso, nimeiweka miguuni. Nikakaa karibu na Min Atieno, yaani mama yake Atieno, muuza samaki wa kukaushwa. Yeye pia alikuwa ndani siku ya moto. Hakuna mlinzi aliyewahi kumuuliza chochote.

Akanusa mara moja. Akanusa tena. Akanitazama miguuni.

"Nyar Kisegi. Ni nini hiyo?"

"Maji, mama."

Kumbe siku niliyosema ukweli ndiyo siku sikuaminiwa!

Alisimama akapiga nduru ambayo nafikiri ilisikika mpaka kule Rodi Kopany. Wanawake kama kumi wakaniangukia. Galoni ikarushwa ziwani, na mimi nilikuwa nafuata, maana wawili walishanishika miguu.

"Nimetumwa na Bwana Salum!" nikapiga kelele. Na Bwana Salum siku hiyo alikuwa ameenda Ndhiwa.

"Mama yako mkono umekauka," Min Atieno akaniambia, "na wewe unatuletea petroli?"

Hapo nililia kweli. Si kwa kuogopa maji. Nilikuwa nimecheza wiki tatu, nikisahau kwamba kwa hawa mama haukuwa mchezo.

Wakakataa boti ing'oe nanga. Walisema, kama huyu ameingia nayo, kuna mwingine. Wakaanza kupekua wenyewe, benchi kwa benchi. Na chini ya kiti cha bwana mmoja mwenye tai, hatua mbili kutoka kwa bomba moto la injini, wakatoa galoni mbili. Hizo hazikuwa na maji.

Watu wakasogea mbali nazo. Hata watoto.

Yule bwana hakuwa jambazi, wakuu. Alikuwa mwalimu. Ndugu yake kisiwani alikuwa na injini ya mtumbwi, na petroli haikuwa na njia nyingine ya kufika. Alisema hivyo huku ameinamisha uso, na hakuna aliyemrusha ziwani.

Bwana Salum aliporudi nikamweleza yote, hata sehemu ya kulia. Akafikiria sana. Akamweka Sajini kuhesabu abiria tu, wasizidi. Langoni akawaweka Min Atieno na mama mwingine. Halafu akanunua mtumbwi mmoja mkubwa wa kubeba petroli peke yake, siku yake, bila abiria. Bwana D.O. akaja, akanusa, akakubali. Boti haikufungwa.

Nilichojifunza: ukikataza kitu watu wanachohitaji na usiwape njia nyingine, unawafundisha kuficha. Na mlinzi mzuri ni yule aliyewahi kuungua.

Min Atieno alielezwa ukweli wote na Bwana Salum mwenyewe, mbele yangu. Akasema amesikia. Lakini miaka yote aliyokaa pale langoni, hakunipitisha hata mara moja bila kunipekua. Nikiwa na mimba alinigonga tumbo kwanza. Siku ya harusi yangu, maarusi wote wamepanda, kwaya inaimba, alinisimamisha peke yangu, akainua shela, akaninusa shingo.

"Pita," akasema.

Haya, wataalamu wa kamera, semeni sasa. Na kama kuna mtu hapa babu yake alikuwa karani wa daftari gatini Homa Bay, mpe salamu zangu. Mwambie kidole kilikuwa changu.