Herufi Mbili Anazozisubiri Mzee Abdulswamadu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo wa Dodoma bado haujaamka. Mzee Abdulswamadu Swalihu yuko juu ya ngazi ya miti, brashi mkononi, kofia imesogezwa kisogoni. Ana saa mbili tu. Upepo ukianza, vumbi la Agosti litanasa kwenye rangi mbichi na kazi yote itakuwa ya kurudia.

Chini, binti yake Nasma, ambaye ni fundi cherehani, ameishika ngazi kwa mikono miwili. Mbele yao kuna bango la bati ambalo maneno yake kila mkazi wa mji huu anayajua kwa kichwa: HAPA PATAJENGWA SOKO LA KISASA NA BUSTANI YA WANANCHI.

Hii ni mara ya nane mzee huyu wa miaka 61 kuyaandika maneno hayo hayo, kwenye kiwanja hicho hicho. Mara ya kwanza ilikuwa 1976. Leo ni 1996. Nyuma ya bango mbuzi wanne wanatafuna majani makavu kati ya nguzo tatu za zege, nondo zimeota kutu.

"Miaka ishirini naandika 'ta'," anasema bila kugeuka. "Nataka kabla sijafa niandike 'me'. Pamejengwa. Herufi mbili tu, mwanangu, siombi zaidi."

Kabla ya bango, hapa palikuwa na hoteli ya baba yake, banda la udongo lenye meza sita ambako makuli wa stesheni walikunywa chai ya tangawizi. Babu yake alifika na misafara kutoka pwani, akaoa hapa, akasahau kurudi. Serikali ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, mabanda ya katikati ya mji yakaambiwa yapishe.

Alikuja ofisa na ramani ya rangi. Abdulswamadu anaikumbuka vizuri: miti ya kijani, chemchemi, watu wadogo wadogo wakitembea na miavuli, katika mji ambao mvua ikija mtu anatoka nje kuifurahia. Mzee Swalihu, baba yake, aliinama, akauliza mlango wa hoteli yake utakuwa wapi. Ofisa akaweka kidole. Mzee akaridhika, akalibomoa banda kwa mikono yake mwenyewe, na familia ikahamia Chang'ombe, pembezoni mwa mji.

Kila Ijumaa baada ya swala alipita kuangalia kiwanja, akirudi anawaambia wanawe kwamba mchanga umeshaletwa. Siku nyingine ulikuwa umeletwa kweli. Alifariki mwaka 1983. Kibao cha hoteli yake, cha kwanza kuchorwa na mwanawe, bado kimefungwa kwenye gunia nyuma ya kabati: HOTELI YA SWALIHU, CHAI WAKATI WOTE.

Cha ajabu, miaka hii ya ruksa ya biashara imemneemesha mchoraji. Zamani alipata mabango mawili kwa mwezi, ya ofisi na maduka ya ushirika. Tangu biashara zifunguliwe anachora hata manne kwa wiki: saluni, duka la dawa, gesti, banda la video. Mji umechangamka, ila umechangamkia pembeni, huko Chang'ombe na Kikuyu, kila mtu na kibanda chake. Katikati, palipopigiwa hesabu za wakubwa, zimebaki barabara pana, nguzo za taa zisizo na taa, na bango lake.

Inamuuma, na haoni haya kusema hivyo. Akipita hapa na baiskeli yake hushuka na kuikokota, kama mtu anayepita msibani.

Lakini kuna siku nne ambazo akizisimulia uso wake hung'aa. Ilikuwa mwaka 1989, mwezi wa Ramadhani. Amefunga, jua la saa saba liko utosini, mkono ukaandika kile ambacho moyo ulikuwa ukikitaka. Alishuka, akasafisha brashi, akaenda kulala. Alipoamka mji mzima ulikuwa ukicheka. Bango lilisema HAPA PAMEJENGWA SOKO LA KISASA.

Wazee wa stesheni walimpelekea salamu kwamba wamefika sokoni ila hawauoni mlango. Stara, jirani yake anayeuza nyanya, hakucheka. Asubuhi iliyofuata alitua kapu lake chini ya bango na kutandika gunia. Jioni ya siku ile walikuwa akina mama watatu. Siku ya nne walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao, Evarista, alikuwa na jiko na birika.

"Nilikunywa chai pale baada ya kufuturu," anasema Abdulswamadu, na kwa muda kidogo brashi inasimama. "Chai ya tangawizi. Kiwanja cha baba. Nililia, nikawaambia ni moshi."

Siku ya tano liliagizwa gari. Akina mama wakaondolewa, na yeye akaambiwa asahihishe makosa yake. Akaandika "ta" juu ya "me", Stara akimwangalia huku amebeba kapu lake kichwani. Anasema hakuwahi kuandika herufi nzito kama zile.

Saa mbili kasoro anafika Tumsifu, karani wa serikali, mzaliwa wa Upareni, ambaye kwa miaka kumi na moja ndiye anayeleta agizo la kupaka rangi upya. Anamwamkia mzee, kisha anaeleza kwa sauti ya chini kwamba bango hili huenda likawa la mwisho. Kiwanja kinatafutiwa mtu binafsi mwenye uwezo wa kujenga.

Abdulswamadu anauliza alichouliza baba yake: mlango wa hoteli utakuwa wapi.

"Ramani mpya nimeiona, mzee wangu," anajibu Tumsifu. "Wale waliopisha sijawaona humo."

Mzee anaokota brashi. Anapanda tena ngazi. Neno moja bado halijakamilika. Bango lote alilipiga msasa jana, na pale katikati ya neno alisugua mpaka "me" ya mwaka 1989 ikajitokeza, nyeusi, haijachuja hata kidogo. Sasa anaifunika kwa nyeupe, na nyeupe ikikauka anaandika juu yake "ta". Nyeupe hiyo na rangi ya herufi hizo mbili anazichota kwenye makopo mengine, yale ya rangi ya maji, ambayo mafundi huitumia ndani ya nyumba tu kwa sababu mvua huiosha.

Tumsifu anatazama makopo, anatazama bango, halafu anatoa kalamu na kutia sahihi kwamba kazi imekaguliwa na ni nzuri.

Mwandishi wa makala haya anauliza kwa nini herufi mbili zisipakwe rangi ya mafuta kama nyingine.

"Imeniishia," anasema Abdulswamadu. Kopo la rangi ya mafuta liko pale chini, limejaa nusu.

Upepo unaanza. Anashuka, anakunja ngazi na kumkabidhi Nasma brashi. Anamwambia akifika nyumbani akitoe kibao cha babu yake kwenye gunia, akifute vumbi.

"Na mvua za Desemba zikianza," anaongeza, "kamwambie Stara atue kapu lake."